Kibwagizo Hakibadiliki, Shairi Linageuka

Wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara, ukiwapa shairi na kuwauliza mgeuko uko wapi, hutafuta neno "lakini". Wakilipata hulipigia mstari, huandika "mgeuko upo ubeti wa tatu", kisha huhamia swali linalofuata. Wasipolipata huandika kwamba shairi halina mgeuko. Si uvivu. Ndivyo walivyoelekezwa, na kwa mashairi ya aina fulani njia hiyo huleta jibu. Ila kwa shairi letu la kimapokeo, lenye mizani (hesabu ya silabi), vina na kibwagizo (mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti), njia hiyo hupita kando ya jambo lenyewe, kwa sababu mara nyingi shairi la namna hii hugeukia pale pale ambapo maneno hayabadiliki hata silabi moja.

Nitaeleza hilo kwa urefu, kwani naamini ndilo linalowafanya vijana wengi waone mashairi ya vina kuwa ni kuimba jambo lile lile mara nne.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo hufungwa kamba moja. Ukinzani ni vitu viwili kuwekwa uso kwa uso: utajiri na ufukara, sauti na ukimya, aliye ndani na aliye nje. Vyote viwili vipo mbele yako kwa pamoja, nawe unavitazama. Mgeuko ni jambo la mwendo. Shairi lilikuwa linaelekea upande huu, sasa linaelekea upande ule. Kuna kabla na kuna baada. Ukinzani waweza kukaa katika mshororo mmoja na ukatosha. Mgeuko hauwezi, sharti kuwe na njia iliyokwisha kupitwa ndipo pawe na pa kugeukia. Mara nyingi cha kwanza humzaa cha pili: ukinzani hurundikana ubeti baada ya ubeti mpaka shairi lishindwe kuendelea kama lilivyoanza.

Tuanze na ukinzani, kwa kuwa umbo la shairi la Kiswahili limeutengea makao. Mshororo wa kawaida una mizani kumi na sita, nane za ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili, na katikati kuna pumziko. Msomaji mzuri husikika akivuta pumzi hapo. Pumziko hilo hugawa mshororo, lakini pia hupanga vipande viwili kama watu waliokaa wakitazamana. Chukua mshororo huu, ambao kila aliyewahi kupeleka korosho kwenye mnada ataujua kabla sijaueleza:

Wenye shamba wana njaa, wenye mizani washiba.

Ukiulizwa ukinzani uko wapi, utajibu upesi: njaa na shibe. Ni kweli, ila jibu hilo ni nusu tu. Tazama kilichofanya njaa na shibe zigongane. Vipande vyote viwili vinaanza na "wenye". Wote hao ni wenye kitu, wote ni wamiliki, wote wamesimama juu ya zao lile lile. Kwa kawaida tungetarajia mwenye shamba ndiye ashibe, maana yeye ndiye aliyepalilia, akapulizia salfa, akaokota. Kinachouma basi ni kwamba shibe imehama kutoka mikononi mwa aliyelima ikaenda kwa aliyepima. Katika mikoa hii ambako neno kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa magendo na kwa vipimo vya kupunja, linajulikana hata na mtoto wa darasa la tatu, mshororo huo una historia nzima ndani yake.

Sasa badilisha kipande cha pili:

Wenye shamba wana njaa, bahari ina mawimbi.

Mizani ni kumi na sita, pumziko lipo mahali pake, na vitu viwili vilivyotajwa ni tofauti kabisa. Ukinzani haupo. Tofauti pekee haizai ukinzani. Vitu vikinzane lazima viwe na kiwanja kimoja cha kukutania: neno moja, mahali pamoja, mtu mmoja, kazi moja. Kwa hiyo mchambuzi akishaona vitu vinavyopingana, swali lake la pili liwe hili: vimekutania wapi? Bila jibu la swali hilo uchambuzi unabaki kuwa orodha ya maneno yenye maana tofauti.

Mfano mkubwa wa hili katika ushairi wetu ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, huko pwani ya kaskazini ya Kenya, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anautazama mji uliokuwa na enzi na sasa ni magofu. Angeweza kusema tu kwamba zamani palikuwa na neema na leo hapana. Badala yake anakupeleka kwenye ukuta mmoja, kwenye madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kaure, na anakuonyesha makinda ya ndege yamelala humo, huku bundi akilia ndani ya nyumba. Daka ni lile lile, kilichomo ndicho kimebadilika. Hapo ndipo kiwanja cha pamoja kinapofanya kazi kuliko sifa kumi za mji uliopotea.

Anayekaa Lindi hana haja ya kusafiri hadi Pate ili aelewe. Avuke kutoka Kilwa Masoko aende Kilwa Kisiwani, au afike Songo Mnara, sehemu ambazo UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri. Leo mtu husimama ndani ya nyumba ya matumbawe isiyo na paa, mbele ya ukuta wenye madaka matupu. Akiusoma utenzi ule akiwa amesimama hapo, atajua kwa nini mshairi alichagua daka na hakuchagua mnara.

Kwa hiyo nawashauri hivi vijana wanaotunga juu ya mambo ya kwetu. Ukitaka kuandika juu ya reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na ikafungwa 1962, usiridhike na "zamani treni, leo nyasi". Tafuta kitu kimoja kilichokuwepo nyakati zote mbili, ukitazame kwa macho mawili.

Sasa mgeuko. Mazoea ya kuutafuta kwa neno "lakini" yana asili yake, na asili hiyo ni halali. Katika soneti, shairi la mistari kumi na minne lililokomaa Italia mikononi mwa watu kama Petrarch, mgeuko una mahali pake maalumu: mistari minane ya kwanza hujenga hoja, na wa tisa hugeuza. Shakespeare mara nyingi huusogeza mgeuko mzito hadi mistari miwili ya mwisho. Msomaji wa soneti hujua wapi pa kukodoa macho. Mwalimu aliyesoma kwa mtindo huo huja na darubini hiyo hiyo kwenye tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, na darubini haioni kitu, kwa sababu tarbia yetu imejengwa juu ya marudio. Mishororo mitatu hubadilika, wa nne hurudi. Kila ubeti huishia ulipoishia uliotangulia. Shairi la namna hii litageuka vipi wakati limefungwa kwenye kigingi?

Linageuka kwa kubadilisha maana ya kigingi chenyewe. Nimetunga beti tatu ili tuzisome pamoja. Anayesema ni mwanamke, na unaweza kumweka Mikindani au Lindi mjini, popote penye nyumba zinazotazama bahari.

Jua limezama pwani, taa nimeshaiwasha,
Mwana yuko uwanjani, mchezo haujaisha,
Chakula kipo mekoni, mchuzi nimeupasha,
Mlango nimerudisha, sikuutia komeo.

Alikwenda kwa safari, mwaka wa tano waisha,
Simu haina habari, moyo wanihangaisha,
Jirani wana hadhari, usiku wanikumbusha,
Mlango nimerudisha, sikuutia komeo.

Mfupi ni mwendo wangu, fimbo nayo yanichosha,
Sanda sandukuni mwangu, kuikunja nimekwisha,
Asubuhi ndugu zangu, wakija kuniamsha,
Mlango nimerudisha, sikuutia komeo.

Hakuna "lakini" hata moja. Hakuna "ila", wala "kumbe", wala "leo". Mwanafunzi wa njia ya kwanza atasema shairi halina mgeuko, na huenda akaongeza kwamba mtunzi anarudia wazo moja ili kulisisitiza. Hebu tuingie ndani polepole.

Kibwagizo katika ubeti wa kwanza ni jambo la kila jioni. Mtoto anacheza nje, atarudi muda si mrefu, mama amerudisha mlango ili upepo usiingie, na hakutia komeo kwa kuwa hakuna haja. Mlango usiofungwa ni dalili ya amani. Katika ubeti wa pili mlango ni ule ule, lakini sasa kuna watu wanaomwambia afunge. Majirani wana hadhari, wanamkumbusha usiku. Kibwagizo kimekuwa jibu kwao, na ndani ya jibu hilo kuna ukaidi. Kutotia komeo si desturi tena. Ni tumaini ambalo wengine wanaliona kuwa hatari. Katika ubeti wa tatu kibwagizo hakisubiri mtu kurudi. Ni maelekezo kwa watakaokuja asubuhi na kukuta haamki, ili wasihangaike kuvunja mlango. Maneno yale yale, mizani ile ile, na shairi limevuka kutoka utulivu, kupitia tumaini, hadi maandalizi ya kifo.

Hapo wengi wangeishia, na wangekuwa wamefanya kazi nzuri. Ila mgeuko ukiwa wa kweli huacha alama zaidi ya moja, na mchambuzi makini hupaswa kuzikusanya, maana ndizo zitakazomlinda akiambiwa amebuni.

Alama ya kwanza iko kwenye vitenzi. Fuata kitenzi kimoja tu, -isha. Ubeti wa kwanza: mchezo haujaisha. Wa pili: mwaka wa tano waisha. Wa tatu: kuikunja nimekwisha. Jambo halijaisha, jambo linaisha, jambo limekwisha. Viambishi vya njeo vimefanya peke yao kazi ambayo katika lugha nyingine ingehitaji sentensi nzima. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayechambua ushairi wa Kiswahili asome viambishi kabla hajasoma tamathali. -li- ikiwa -na-, ni- ikiwa tu-, u- ya kumwambia mtu mmoja ikiwa m- ya kuwaambia wengi: hapo pana mgeuko kabla hujaona taswira yoyote.

Alama ya pili ni ya mtu. Katika ubeti wa kwanza mtoto ametajwa kwa jina la kumwita, "mwana". Katika wa pili hakutajwa. Amebaki kiambishi, a- ya "alikwenda". Katika wa tatu hayupo kabisa, hata kwa silabi. Watakaokuja ni "ndugu zangu". Shairi halikusema mwana amekufa, wala kwamba mama amekata tamaa. Limempunguza taratibu kwenye sarufi mpaka akaisha. Mgeuko mwingine hufanyika kwa kitu kutoweka, nacho ni vigumu kukiona, kwani macho yetu yamezoea kutafuta kilichoongezwa. Ukimaliza kusoma shairi, jiulize nani alikuwepo mwanzoni na sasa hayupo.

Ya tatu ni ya saa. Jua limezama, kisha usiku, kisha asubuhi. Beti tatu ni umri wa mtu na papo hapo ni usiku mmoja. Na hapa ukinzani unaingia bila kelele, maana asubuhi katika lugha yetu na maisha yetu ni saa ya heri, ya watu kuamkiana na kuulizana hali. Mtunzi ameitumia saa hiyo hiyo kuleta habari ya msiba. Neno "kuniamsha" linabeba pande zote mbili: ndugu watakuja kumwamsha kama anayelala, na msomaji anajua hataamka.

Ya nne nitaipitia haraka: anayeambiwa. Kibwagizo cha kwanza hakimwambii mtu, ni mama anajisemea. Cha pili kinawajibu majirani. Cha tatu kinawaachia ujumbe watu ambao bado hawajafika. Msikilizaji akibadilika, sauti hubadilika hata kama maneno ni yale yale.

Mbinu hii ya maneno yaliyosimama na maana inayotembea haikuanzia kwetu wala haiishii kwetu. Waliosoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na ikatoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, watakumbuka hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari. Anarudia tena na tena kwamba Brutus, mmoja wa waliomuua, ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza watu wanakubali. Kufikia mwisho sifa hiyo imekuwa shtaka, na umati unataka damu. Hakuna neno lililobadilishwa. Nashangaa mwanafunzi anayeiona mbinu hiyo vizuri darasani kwenye tamthilia, kisha anashindwa kuiona kwenye tarbia ambayo kibwagizo chake kinamwita kwa sauti kila ubeti.

Maneno ya kugeuza yenyewe nayo tusiyadharau, ila tusiyaweke yote kapu moja. "Lakini" hugeuza hoja. "Sasa" na "leo" hugeuza wakati. "Kumbe" hugeuza ujuzi wa anayesema, huku jambo lenyewe likibaki lilivyokuwa tangu mwanzo:

Nilidhani ni ukungu, kumbe ni vumbi la dawa.

Aliyewahi kupita Newala au Tandahimba alfajiri ya msimu wa kupulizia mikorosho ameona weupe huo ukining'inia chini ya matawi. Ulikuwa vumbi la salfa tangu mwanzo. Kilichogeuka ni macho ya mtazamaji. Mchambuzi akiandika tu kwamba "kumbe" ni alama ya mgeuko, hajasema kitu. Aseme nani alikuwa hajui, ni nini alichokijua, na kukijua kumemfanyia nini.

Mashairi huru yanatupa shida ya namna nyingine. Hayana kibwagizo cha kutuongoza wala pumziko la mizani ya nane. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa na mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile, ana shairi liitwalo Ngoma na Vailini. Ukinzani umewekwa mlangoni kabisa, kwenye jina. Ala mbili, za jadi mbili, ndani ya mtu mmoja anayevutwa na zote. Mwanafunzi aliyezoea mgeuko wa suluhisho atasubiri ala moja ishinde. Kwangu uzito wa shairi hilo uko kwenye mvutano wenyewe, na nadhani ni kosa kumlazimisha mshairi achague ili sisi tupate jibu la kuandika. Shairi la namna hii husomwa kwa kufuatilia nguvu: sauti ipi inapanda, ipi inashuka, wapi mstari unafupishwa, wapi unakatwa. Ukinzani usiotatuliwa ni ukinzani kamili.

Tahadhari moja kabla sijaweka kalamu chini. Si kila badiliko ni mgeuko. Vina vina amri yake, na mtunzi huchagua neno fulani kwa sababu kina kimemtaka. Katika beti zangu, "fimbo nayo yanichosha" ni mshororo ambao kina cha -sha kiliuchangia sana. Unafaa mahali pake, uzee unaonekana, ila atakayejenga juu yake hoja kubwa kwamba fimbo ni ishara ya utawala uliochoka atakuwa ameupa mzigo usio wake. Pima dalili kwa wingi na kwa uzito. Dalili moja yaweza kuwa bahati ya kina. Vitenzi, nafsi, saa na msikilizaji vikielekea upande mmoja, hiyo si bahati.

Na ukifika kwenye karatasi ya mtihani, usiandike "shairi lina mgeuko ubeti wa tatu". Andika kitu kama hiki: kibwagizo ambacho katika ubeti wa kwanza kinaonyesha usalama wa mama anayemsubiri mtoto wake jioni, katika ubeti wa tatu kinakuwa wosia, kwa sababu mwana hatajwi tena, sanda imekwisha kukunjwa, na wanaotarajiwa ni ndugu watakaokuja asubuhi. Akitokea msahihishaji anayeshikilia kwamba mama bado anamsubiri mwanawe hata katika ubeti wa tatu, hoja yake inasikilizika, maana komeo halijatiwa mpaka mwisho. Ila sharti atuonyeshe mwana yuko kwenye neno gani la ubeti huo.